Gundam, Transformers au chogokin: uanze na roboti ipi?

Panga roboti tatu za kuchezea kwenye rafu: Gundam ya daraja la HG, ambayo ni modeli ya kuunganisha; Optimus Prime wa Transformers, ya saizi ya Voyager, roboti inayojigeuza kuwa lori; na Mazinger Z ya Soul of Chogokin, mdoli wenye metali mwilini. Kimo chao kinapishana kwa sentimita chache tu, na kwa mbali mtu asiyezijua atadhani zimetoka kiwanda kimoja. Sasa zishike moja moja. Gundam ni nyepesi kama kikombe kitupu cha plastiki, na ilifika nyumbani ikiwa vipande ambavyo mwenyewe alivikata na kuviunganisha. Optimus ana skrubu na pini mwilini, na hata akisimama wima magurudumu ya lori yanaonekana kwenye miguu. Mazinger ni ya baridi, na inalemea mkono kuliko macho yalivyotarajia.

Watu wengi huanza kwa kuuliza ipi ni nzuri zaidi, wakanunua ile yenye picha kali kwenye boksi, kisha ikakaa. Aliyetaka kitu cha kuchezea na mwanawe anajikuta na modeli inayovunjika pembe ikianguka mara moja. Aliyetaka kazi ya jioni ya kutuliza akili anapokea mdoli uliokwisha kuundwa, hana la kuufanya zaidi ya kuutazama. Swali linalofaa ni hili: ukishaipata, mikono yako itafanya nini nayo?

Ukoo wa kila moja

Historia hapa ina kazi, maana tabia za midoli hii mitatu zimetoka moja kwa moja kwenye hadithi zake.

Mwaka 1972 Go Nagai alianzisha Mazinger Z, kwanza kama manga mwezi Oktoba, kisha kama katuni ya televisheni mwezi Desemba. Kabla ya hapo roboti kubwa mashuhuri ya Japani ilikuwa Tetsujin 28-go ya Mitsuteru Yokoyama, ya mwaka 1956, ambayo mtoto aliiongoza kwa rimoti akiwa amesimama pembeni. Nagai alimpandisha kijana Koji Kabuto kwenye kichwa cha roboti, aiendeshe kama gari. Wazo hilo la rubani aliye ndani ndilo lililosambaa duniani, hadi kufika kwenye filamu ya Pacific Rim ya Guillermo del Toro mwaka 2013, ambayo hata majitu yake yanaitwa kwa neno la Kijapani, kaiju.

Katika hadithi, mwili wa Mazinger umeundwa kwa aloi ya kubuni iitwayo Chogokin Z. Mwaka 1974 kampuni ya Popy, tawi la Bandai, ikalichukua jina hilo na kulitumia kwa mdoli wa aloi ya zinki wenye kimo cha kama sentimita 12, unaorusha ngumi kwa springi. Mwaka mmoja nyuma Popy ilikuwa imetoa Jumbo Machinder, Mazinger ya plastiki yenye kimo cha kama sentimita 60. Mattel iliyapeleka majitu hayo Marekani kuanzia mwaka 1977 kwa jina la Shogun Warriors. Ghuba nako roboti ya ukoo huohuo iliingia kwa mlango mwingine: Grendizer, katuni ya Nagai ya mwaka 1975, ilitiwa sauti za Kiarabu Lebanon, na Waswahili waliokulia Muscat miaka ya themanini hawahitaji kuelezwa habari zake. Ufaransa iliipokea mwaka 1978 kwa jina la Goldorak.

Gundam ilikuja kinyume cha hayo. Katuni ilianza tarehe 7 Aprili 1979, chini ya mwongozaji Yoshiyuki Tomino, mashine zikichorwa na Kunio Okawara. Humo roboti ni silaha ya jeshi. Ina namba, RX-78-2. Inaishiwa risasi, inakatika mkono, mafundi wanaifungua usiku kucha. Mdhamini, kampuni ya midoli ya Clover, hakuuza alivyotarajia, na mfululizo uliopangiwa sehemu 52 ukakatishwa kwenye ya 43. Julai 1980 Bandai ikatoa modeli ya plastiki ya kuunganisha, kwa uwiano wa 1/144, bei yeni 300, na hapo ndipo Gundam ilipopata uhai wake wa pili. Uwiano una maana: mashine ya hadithi ina urefu wa mita 18, kwa hiyo ya mezani ni sentimita 12 na nusu, na adui yake wa 1/144 atasimama karibu naye kwa kimo sahihi. Midoli ya zamani haikujali jambo hilo kabisa.

Transformers ni mtoto wa nchi mbili. Takara ya Japani ilikuwa na Diaclone tangu mwaka 1980, magari na ndege zinazojigeuza kuwa roboti, pamoja na Micro Change ya mwaka 1983, ambako bastola na redio ya kaseti nazo zilijigeuza. Hasbro ya Marekani ilizinunua haki, ikazichanganya, na waandishi wa Marvel, hasa Bob Budiansky, wakazipa majina na tabia mwaka 1984. Lori la Diaclone lililoitwa Battle Convoy likawa Optimus Prime. Badiliko kubwa halikuwa jina. Diaclone ilikuja na rubani mdogo wa kukaa ndani, mwenye sumaku miguuni. Wamarekani wakamtoa rubani, wakaifanya roboti yenyewe kuwa mtu mwenye sauti, hasira na huruma. Hata hivyo katuni yao ya televisheni ilichorwa kwa sehemu kubwa na Toei, studio ileile iliyochora Mazinger Z.

Voltron ya mwaka 1984 ilikatwa kutoka katuni mbili za Toei, GoLion na Dairugger XV. Robotech ya 1985 ilishonwa kutoka tatu. Power Rangers ya 1993 ilitumia picha za Zyuranger. Zote zinastahili makala yake, lakini mnunuzi wa leo ataishia kwenye moja ya njia tatu nilizotaja.

Gundam: unanunua saa za kazi

Boksi la Gundam lina fremu bapa za plastiki, na kila kipande kimeshikwa kwenye fremu kwa vikonyo vidogo, kama embe kwenye tawi. Hakuna gundi, vipande vinabanana kwa pini na matundu. Hakuna rangi ya lazima pia, kwa kuwa plastiki yenyewe imemiminwa ikiwa na rangi yake.

Madaraja ndiyo yanayowachanganya watu. Entry Grade ya RX-78-2, iliyotoka mwaka 2020 kwa yeni 700 kabla ya kodi, haihitaji chombo chochote: vipande vinatoka kwa kusukumwa na kidole, hakuna stika, na saa moja inatosha. HG ni ya 1/144, bei kuanzia kama yeni 1,000 hadi 3,000, kazi ya saa mbili hadi nne. RG, iliyoanza 2010, ina kimo kilekile cha HG lakini vipande vingi na vidogo zaidi, saa sita hadi nane. MG ni ya 1/100, sentimita 18, ina mifupa kamili chini ya magamba, na itakula wikiendi nzima. PG ya 1/60, sentimita 30, ni kazi ya wiki kadhaa za jioni, na bei yake huanzia juu ya yeni 10,000. PG Unleashed ya 2020 ilitoka kwa yeni 25,000.

Ushauri wetu hauna kigugumizi: anza na Entry Grade au HG, na usianze na RG. RG inapendeza kwenye picha na bei inavumilika, ndiyo maana wengi hunaswa nayo. Lakini RG za mwanzo zilitumia mifupa inayotoka kwenye fremu ikiwa na viungo tayari, viungo hivyo hulegea mapema, na vipande vingine ni vidogo kuliko punje ya mchele. Kikiruka kikaingia kwenye zulia, kazi imesimama. MG ni chaguo zuri la pili, kwa kuwa vipande ni vikubwa na kila hatua inaonyesha sababu yake: unaona pistoni ya goti ikisogea unapolikunja.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: koleo dogo la kukatia, kisu chembamba cha kubadilisha wembe, na msasa namba 400, 600 na 1000. Koleo la mafundi wa elektroniki linafaa mradi upande mmoja wa meno yake uwe bapa.

Usikate vipande vyote kwa mkupuo. Namba ziko kwenye fremu, hazipo kwenye kipande, na ukishakichanganya bega la kulia na la kushoto utapoteza saa nzima ukilinganisha picha. Kijitabu ni cha Kijapani lakini maelekezo yote ni michoro: A12 ni fremu A, kipande cha 12. Tazama sana alama ya kurudia mara mbili, kwa kuwa mkono wa pili mara nyingi ni taswira ya kioo ya wa kwanza, na si nakala yake.

Kata mara mbili. Mara ya kwanza kata mbali, ukiacha kikonyo cha milimita 2 au 3, ili kipande kitoke bila kuvutwa. Mara ya pili elekeza upande bapa wa koleo kwenye kipande, ukate ukiacha kama nusu milimita, kisha usage mabaki kwa msasa kuanzia namba ndogo kwenda kubwa. Anayekata mara moja sehemu ya karibu kabisa huacha doa jeupe: plastiki imevutwa kabla ya kukatika, na kwenye bluu iliyokolea au nyekundu doa hilo linaonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Kulisugua kwa ukucha hupunguza, hakuondoi. Plastiki ang'avu ya panga za mwanga hupasuka kirahisi, hiyo ipe uvumilivu wa ziada.

Ukikosea na kubana vipande viwili kinyume, usivifungue kwa meno wala bisibisi. Pitisha ukingo bapa wa plastiki kwenye mwanya, zunguka polepole. Wanaotegemea kupaka rangi baadaye hukata nusu ya kila pini kwa mshazari kabla ya kubana, ili ifunguke bila vita.

Hatua inayoibadilisha modeli kuliko zote ni kutia wino kwenye mifereji ya mwili. Kalamu nyembamba ya Gundam Marker inatosha: chora, subiri kidogo, futa kilichozidi kwa kijiti cha pamba. Wino wa kumwagika wa enameli hukimbia wenyewe kwenye mifereji na hupendeza zaidi, lakini una hatari isiyoandikwa kwa herufi kubwa. Tina yake hushambulia plastiki ya ABS iliyo kwenye mkazo. Ukiitia kwenye kiungo kilichokwisha kubanwa, siku ya pili utakuta goti limepasuka katikati bila kuguswa. Tia wino huo vipande vikiwa bado vimetengana, kidogo, na usiukaribishe kwenye viungo.

Ukitaka kuondoa mng'ao wa plastiki, puliza dawa ya kufifisha kutoka sentimita 20 hadi 30, tabaka jembamba mara mbili. Usipulize siku ya mvua wala asubuhi yenye unyevu mzito. Maji ya hewani hunaswa ndani ya tabaka na roboti hubaki na ukungu mweupe. Na usitegemee kuagiza kopo hilo kwa ndege. Linawaka, na wasafirishaji wengi hulikataa, kwa hiyo tafuta la dukani ulipo na ulijaribu kwanza kwenye mabaki ya fremu.

Je, mtoto? Maboksi mengi ya HG yameandikwa miaka 8 na kuendelea, ya madaraja makubwa 15. Mtoto wa miaka tisa mwenye subira ataiunda. Kuichezea ni habari nyingine: pembe za paji la uso ndizo za kwanza kuvunjika. Viwanda huziacha nene nchani kwa usalama, na watu wazima huzichonga ziwe kali. Ya mtoto iache ilivyo.

Transformers: unanunua fumbo lililokwisha kuundwa

Hii ndiyo ya kuchagua kama roboti itashikwa kila siku. Inatoka kwenye boksi ikiwa tayari, inavumilia kuanguka kwenye mkeka, na raha yake iko kwenye kuigeuza.

Saizi zina majina: Core ni kama sentimita 9, Deluxe kama 14, Voyager kama 18, Leader inapita hapo kidogo, na Titan ni jitu la nusu mita. Lakini majina hayo siku hizi yanataja bei kuliko kimo. Unaweza kununua Leader ukakuta ina urefu wa Voyager na bunduki nyingi zaidi. Soma vipimo, usisome jina. Deluxe inauzwa Marekani kwa karibu dola 25, na hapo ndipo uwiano wa bei na ufundi unapokaa vizuri. Kwa mtoto chini ya miaka sita ziko aina za kugeuza kwa mkupuo mmoja. Hazina uzuri wa rafu, lakini hazitamliza.

Masterpiece ya Takara Tomy, iliyoanza 2003, ni ya watu wazima. Ile ya Optimus yenye namba MP-10, ya 2011, bado ni mfano mzuri wa mpangilio wa viungo: ukiigeuza unaona kila kipande cha lori kinapokwenda, na hakuna kinachobaki kikining'inia mgongoni. Masterpiece za karibuni zinajaribu kufanana na katuni kwa kila hali, hivyo paneli zimekuwa nyembamba na hatua nyingi. Kama unapenda kugeuza mara kwa mara, Voyager ya kawaida itakupa furaha zaidi kuliko Masterpiece ya mara saba ya bei yake, ambayo utaogopa kuigusa.

Mara ya kwanza igeuze ukiwa na karatasi ya maelekezo mbele, hata kama unajiamini. Kila paneli inapoingia mahali pake husikika au huhisika ikibofya. Gari lisilofunga vizuri, lenye ufa katikati ya boneti, karibu kila mara lina mkono au kichwa kilichokaa vibaya ndani. Usilibane kwa nguvu. Rudi hatua tatu nyuma. Kiungo cha gololi kikichomoka hakijavunjika, kimeundwa hivyo, kisukume kirudi. Bawaba yenye pini ya chuma ikipasuka ndiyo hasara, kwa kuwa plastiki inayoizunguka ni nyembamba na gundi haishiki mkazo wa pini.

Kulegea ndiyo shida ya kawaida. Kwa kiungo cha gololi, kichomoe, paka rangi ya kucha isiyo na rangi tabaka jembamba, acha ikauke usiku kucha, rudia mpaka kishike. Kwa kiungo chenye skrubu, kaza robo zungusho tu. Ukikaza zaidi utapasua plastiki. Supaglu hufanya kazi hiyo pia, lakini mvuke wake huacha utandu mweupe kwenye kioo cha gari na kwenye kromu, kwa hiyo iweke mbali navyo.

Anayenunua za zamani ajue kuhusu plastiki ya dhahabu. Midoli mingi ya mwisho wa miaka ya themanini hadi mwanzo wa 2000 ilitumia plastiki iliyochanganywa na chembe za kumeta, yenye mawimbi kama ya marumaru. Mchanganyiko huo hukauka wenyewe, hata boksi likiwa halijafunguliwa, na siku unapokunja kiungo, hubomoka kama biskuti. Hakuna tiba. Mwombe muuzaji picha za karibu za bawaba, na ukiipata, iweke katika umbo moja usiiguse tena. Plastiki nyeupe kugeuka njano ni tatizo dogo zaidi. Haiidhuru kazi yake, na dawa za kuirudishia weupe hazina dhamana ya kudumu.

Chogokin: unanunua uzito

Soul of Chogokin ilianza mwaka 1997 na Mazinger Z namba GX-01, kwa ajili ya watu waliokuwa watoto mwaka 1974. Katika roboti hizi zinki huwekwa zaidi miguuni na kwenye kiwiliwili, huku mikono na kichwa vikiwa vya plastiki, ili ziweze kusimama. Ukizinyanyua unaelewa kwa nini mtoto wa Kijapani wa wakati ule aliamini kweli kwamba ameshika aloi isiyoshindika.

Hakuna cha kuunda, na cha kugeuza ni kidogo. Unabadilisha mikono na silaha kwa kuchomoa na kuchomeka, unaipanga kwenye stendi yake, basi. GX-71, yaani GoLion ambayo wengine wanaijua kama Voltron, ni ya tofauti: simba watano wanaungana kweli, na ni kubwa na ya gharama. Bei za Soul of Chogokin kwa jumla huanzia juu kidogo ya yeni 10,000 na kupanda mbali. Mzigo wake ni mzito, na msafirishaji hatakusamehe gramu hata moja.

Maradhi yake ni matatu. Rangi hubanduka kwenye kona metali inapogongana na metali, kwa mfano paja likikunjwa hadi mwisho. Nyonga hulegea kwa sababu ya uzito, kwa hiyo usiiache imeegemea mguu mmoja kwa miezi. La tatu ni la zile za kale: aloi ya zinki iliyochanganyika na madini ya risasi huvimba na kupasuka kutoka ndani miaka ikipita, na kipande kikianza kutoa nyufa za utando wa buibui chini ya rangi, hakuna kinachoweza kukizuia.

Unayependa Mazinger au Grendizer lakini fedha haziruhusu, usijilazimishe. Bandai ina Mazinger Z ya kuunda ya daraja la HG, na Good Smile Company ina mfululizo wa Moderoid wenye roboti nyingi za zamani kwa bei ya modeli. Utakosa uzito, umbo utalipata.

Kuagiza na kutunza

Gundam huchapishwa upya mara kwa mara. Ukikuta HG ya kawaida imepandishwa mara tatu kwa madai kuwa ni adimu, subiri. Miezi kadhaa baadaye itarudi madukani kwa bei yake. Transformers za kawaida hazina uhakika huo, zikipita zimepita, ingawa mhusika maarufu atarudi kwa kalibu nyingine. Soul of Chogokin ndiyo ya kuwahi.

Maboksi ya Gundam ni mepesi lakini mapana, nusu yake hewa, na kampuni nyingi za usafirishaji hutoza kwa ujazo. Kuagiza HG nne katika kifurushi kimoja huwa nafuu kuliko kuagiza moja moja. Uliza gharama za forodha kabla ya kulipa, kwa sababu hasa kwenye chogokin zinaweza kuigeuza hesabu yote.

Nakala bandia zipo za kila aina. Za Gundam hutambulika kwa plastiki laini yenye mng'ao wa mafuta, kingo zenye utando uliozidi, na pini zisizobana au zinazogoma kuingia. Boksi halali la miaka ya karibuni lina nembo ya Bandai Spirits ya bluu; la zamani lenye nembo nyekundu ya Bandai si bandia, ni la kabla ya kampuni hiyo kuundwa mwaka 2018.

Kwa wakazi wa pwani, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja, hewa ya chumvi inaamua mengi. Modeli ya plastiki haitaijali, isipokuwa gundi ya stika itakayoachia kwenye joto. Zikandamize vizuri na uzifunike kwa dawa ya kufifisha. Transformers itapata kutu kwenye vichwa vya skrubu, na tone dogo sana la mafuta ya cherehani kwenye kijiti hulizuia, mradi lisiguse plastiki ang'avu. Chogokin ndiyo inayoteseka: kila rangi inapobanduka, zinki hutoa unga mweupe ndani ya msimu mmoja wa masika. Fungia jeraha hilo siku hiyohiyo kwa tone la rangi ya kucha, iweke roboti kwenye kabati la kioo lenye mlango, tia vifuko viwili vitatu vya kunyonya unyevu, na uvibadilishe kila baada ya miezi mitatu. Jua la dirishani lisizifikie zote tatu.